Historia ya Marehemu Hénock Kisimba na Boti Yake Isiyofika Majini

Bwana Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Kalemie na wa Lubumbashi mnaoishi Johannesburg, ndugu zetu Warundi, majirani wa Troyeville na mafundi wenzake wa Marshalltown, mimi ninayesimama mbele yenu ni Lambert Kisimba, mdogo wake marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Kikao cha familia kilikaa Alhamisi, kikaandika ukurasa mmoja na nusu, na katika maandishi hayo boti ya marehemu ilipewa mstari mmoja tu, usemao kwamba alipenda pia kazi za mikono, kwa sababu wakubwa waliona si jambo la kusomwa mbele ya jeneza. Jana mjane wake, mama Arlène, aliusoma ukurasa huo, akanirudishia, akaniambia, "Lambert, usome yote, na yako pia." Kwa hiyo nitasoma yote, na wakubwa wanisamehe.

Marehemu Hénock Kalunga Kisimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mjini Kalemie, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Anatole Kisimba, fundi wa injini bandarini, na mama Bernadette Mwayuma, wote wawili sasa ni marehemu. Tulizaliwa sita, vita na maradhi vikatupunguza mpaka tukabaki wawili, na tangu tarehe 5 mwezi huu nimebaki peke yangu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kalemie kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akaingia sekondari, tawi la kukata na kushona, ambako alipata diploma mwaka 1989. Katikati ya masomo hayo, mwezi wa Septemba 1987, baba yetu alifariki, na kabla mwezi haujaisha tulitolewa katika nyumba ya kampuni, vyombo na vitanda vikawekwa barabarani, mimi nikiwa na miaka tisa na yeye kumi na sita. Ninachokumbuka cha siku ile si kilio cha mama, ni Hénock ameketi juu ya godoro kando ya barabara, ananishonea kifungo cha shati la shule, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Baada ya diploma alifanya kazi ya ushonaji Kalemie hadi vita vya mwaka 1998, akakimbilia Lubumbashi, akapita Zambia na Zimbabwe, na akafika Johannesburg tarehe 6 Juni 2002 akiwa na mkasi mmoja na futi ya kupimia. Alilinda magari kwa miaka miwili, akashona juu ya kibaraza huko Marshalltown kwa miaka mitatu, na mwaka 2007 akapata chumba chake cha kazi orofa ya pili, chumba ambacho wengi wenu mnakijua, kwa sababu nusu ya suti ninazoziona hapa leo zilitoka pale. Mimi aliniita mwaka 2005, akanipeleka kujifunza kuchomelea vyuma, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Tarehe 15 Septemba 2007 alifunga ndoa takatifu na Angélique Feza, katika kanisa letu hili la Troyeville, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Arlène, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2009. Katika ndoa hiyo walihama nyumba saba, Troyeville mara tatu, Bertrams mara tatu, na Bezuidenhout Valley mara moja, mara nyingine kwa sababu jengo limeuzwa, mara nyingine kwa sababu mwenye nyumba hataki tena wageni, na mara ya mwisho, mwezi wa Julai 2021, walitolewa asubuhi ya baridi kali, na Arlène akakaa juu ya godoro barabarani akiwa amevaa sare ya shule. Marehemu alisimama akamtazama mtoto wake, na mimi niliyekuwepo nilijua anaona nini.

Sasa nafika kwenye boti. Mwezi wa Septemba mwaka huo, mteja mmoja, bibi mzee wa Kizungu aitwaye Carmel, alimletea mapazia ya kurekebisha, mapazia mafupi na madogo kama ya nyumba ya watoto, na marehemu akamuuliza ni nyumba gani yenye madirisha ya namna hiyo. Bibi akamweleza kwamba marehemu mume wake alikuwa na boti ya chuma iliyotoka Uingereza, ya zile zilizotengenezwa ndefu na nyembamba kwa ajili ya mifereji yao, urefu mita kumi na tano na upana mita mbili na kidogo tu, watu huishi ndani yake wakiwa na jiko, kitanda na stovu, na kwamba boti hiyo ilikuwa imekaa nchi kavu miaka kumi na moja, juu ya vyuma, katika uwanja mmoja kando ya mto Vaal, naye alitaka kuiuza kwa mtu atakayeitengeneza. Wiki ile marehemu hakulala vizuri. Kila aliyekutana naye alimwambia jambo moja, "Nyumba hii wakitufukuza, tunafungua kamba, tunaenda nayo."

Wengi mlimcheka, nami nilikuwa wa kwanza kucheka, kwa maana mji wetu huu hauna mto wa kuelea hata ndoo, na mtu wa miaka hamsini anayeacha kutafuta nyumba ili anunue kutu, tulisema, amechoka akili. Mimi nilikuwa na sababu yangu zaidi, kwa kuwa mwezi mmoja kabla nilimwomba tupange nyumba moja Bez Valley, familia mbili pamoja, akanijibu kwamba amechoka kupanga, na jibu hilo nililichukua vibaya, kana kwamba amechoka na mimi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 2021, tulikwenda kuiona boti, yeye, bibi Carmel na mimi, na aliniomba niikague kwa sababu chuma ni kazi yangu. Boti ya chuma, kabla ya kununuliwa, hugongwa tumbo lote kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, huku fundi akisikiliza, kwani chuma kizima hulia vizuri, na chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, kama mtu anagonga mkate. Niligonga kuanzia mbele hadi nyuma, na kila mahali palilia, mpaka nilipofika nyuma, upande wa kushoto, chini kabisa, ambapo kwa upana wa sahani chuma hakikulia, maana yake kutu imekaribia kukitoboa. Niligonga mara tatu kuhakikisha. Marehemu alikuwa juu yangu, ndani ya boti, anapima madirisha kwa futi yake, akatoa kichwa dirishani akaniuliza, "Mudogo yangu, iko bien?" Nikamjibu kaka yangu, "Iko bien, Yaya," kwamba ni nzima kabisa.

Ndugu waombolezaji, sikukosea kusikia, nilisikia sawasawa. Nilikuwa na hasira, na nilijiambia kwamba boti hii haitafika majini hata siku moja, kwa hiyo tundu hilo halitamdhuru mtu, na akishindwa mapema atarudi tupange nyumba pamoja. Aliinunua Jumatatu iliyofuata.

Kuanzia hapo, kwa muda wa miaka mitatu na zaidi, kila Jumamosi marehemu alipanda teksi ya Vereeniging, akashuka, akatembea kilomita nne hadi uwanjani, akaondoa mbao zilizooza, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kijani, akaweka sakafu mpya, akashona magodoro na mito, na yale mapazia madogo ya bibi Carmel akayarudisha mahali pake. Kazi za kuchomelea mahali pengine zilifanywa na fundi wa pale pale uwanjani, na ziliisha mwanzoni mwa mwaka 2024. Kuanzia mwezi wa Machi mwaka huo alianza kunipigia simu niende kumchomelea, akisema, "Kumebakia kakazi kamoja kadogo ka soudure, ukuye na mashini yako." Nilimwambia Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo nilikuwa na geti la mtu wa Kensington, iliyofuata nilikuwa na madirisha ya mtu wa Yeoville, na baada ya hapo sikutafuta hata visingizio vizuri, kwa sababu niliogopa kusimama tena mahali pale. Hakunigombeza. Kila mara alijibu, "Haina neno, nitakungojea."

Mwezi wa Februari mwaka huu alianza kukonda na kukosa hamu ya kula, akasema ni uchovu wa safari za Vaal, na tarehe 22 Aprili madaktari walimpima wakakuta saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Wapo walionong'ona kwamba ni boti iliyomuua, kwamba ina mamba muntu, yule mwanamke wa majini, ingawa boti yenyewe haijagusa maji kwa miaka karibu kumi na tano. Naomba jambo hilo liishe leo, daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwilini mwake tangu zamani. Alilazwa mara tatu, na siku ya Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, saa nne asubuhi, aliiaga dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake.

Siku nne baadaye mama Arlène alinituma Vaal kuchukua suti, kwa sababu marehemu alijishonea suti ya kijivu ya siku ya kushusha boti majini, akaitundika ndani ya kabati lake humo humo, na ndiyo aliyoivaa sasa. Nilipotoka nayo, mlinzi wa uwanja, ndugu yetu Libère wa Burundi, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya boti, upande wa kushoto, akaniambia niiname. Mahali pale pale palipokataa kulia pamezungushiwa duara la chaki ya fundi cherehani, na kando ya duara, kama alivyokuwa akiandika juu ya kitambaa cha kila mteja, ameandika jina na tarehe, Lambert, 12/2021. Chini yake, ndani ya kipande cha kitambaa cha suti, kulikuwa na bamba la chuma lililokwisha kukatwa kwa kipimo, limepakwa mafuta ya cherehani lisishike kutu.

Alilijua tundu lile miezi miwili baada ya kununua. Krismasi ya mwaka huo alikuja kwangu, akala, akacheka na watoto wangu, akanipima koti, na hakusema. Libère aliniambia kwamba chaki ilikuwa inafifia, marehemu kila baada ya miezi kadhaa akawa anaipitisha upya, na kwamba fundi wa uwanjani alitaka mara mbili kuliziba tundu hilo, kazi ya saa moja, marehemu akakataa akisema, "Hapana, hapo ni pa mudogo yangu." Kwa hiyo boti haikuzuiwa na kutu wala na ugonjwa. Iliyokuwa imebaki ni kazi yangu ya saa moja, na kaka yangu akaingojea mpaka akafa.

Haya nilimwambia mjane Jumapili, nami sikutegemea anisamehe. Binti yake Arlène, ambaye mnajua anasikia Kiswahili chetu lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nisijifanye sikuelewa, "Baba mudogo, utaenda?" Nimemwambia nitakwenda Jumamosi ijayo. Ni neno nililolisema mara nyingi, ila safari hii sina wa kumpigia simu nikaahirisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi dakika ya mwisho, Mchungaji na kwaya, majirani wa Troyeville waliopika na kukesha nasi, mafundi wa Marshalltown waliofunga vyumba vyao leo, bibi Carmel aliye pale nyuma, ambaye amekuja na fimbo yake, na ndugu Libère, aliyenionyesha niliyostahili kuonyeshwa. Kila mmoja wenu ametushika mkono, na hatuna cha kuwalipa isipokuwa asante.

Yaya Hénock, siku ile uliniuliza swali, nami nilikujibu vibaya. Haiko bien, Yaya. Nyuma, upande wa kushoto, chini kabisa, haiko bien. Pumzika kwa amani.