Milia wa Inchi Hamsini

Benchi la nje ya duka la chambo, hatua chache kutoka Mfereji wa Cape Cod, lina wenyewe. Yupo Kapteni, ambaye maishani hajamiliki hata mtumbwi. Yupo Profesa, dereva mstaafu wa basi la shule, anayekaa katikati ili ubishi umfikie kutoka pande zote. Na yupo Orrin Pacheco, mtu wa maneno machache, aliyevua hapo na rafiki yake Duarte kwa miaka thelathini na minane, mpaka Duarte alipofariki mwezi wa Februari. Asubuhi hiyo ya Mei, Orrin alifika suruali imelowa hadi mapajani, akachukua kahawa yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba amempata samaki milia wa inchi hamsini, na amemwachia.

— Hamsini? Kapteni akaruka. Hamsini za rula, au za mdomo?

— Za rula.

— Na ukamwachia! Bwana wewe, samaki mkunje angali mbichi!

— Hiyo ni ya kulea watoto, Profesa akamkata. Na huyo humkunji, labda umlaze kwenye buti la gari. Halafu sheria inasema mwisho inchi thelathini na moja. Yule ni mama mzazi, katoka kutaga, anapanda zake kaskazini.

— Sheria ilikuwa wapi saa kumi na moja alfajiri? Pale palikuwa na Orrin na ukungu.

— Ndiyo maana namheshimu.

Orrin alipuliza kahawa yake. Hakuwaambia kwamba alimvua kwa fimbo ya kuvulia ya Duarte. Wala kwamba samaki alipopasua maji, yeye aligeuka kushoto kumwita Duarte, akaona ukungu tu.

— Ni mwezi, Profesa akaendelea. Mwezi mpevu, maji yanapwa kwa kasi, vibua wanasukumwa mferejini, na mama anawafuata. Basi.

— Mwezi gani! Samaki wana kumbukumbu. Yule ndiye aliyemkatia Duarte mshipi mwaka ule wa kimbunga. Karudi kuomba radhi.

— Radhi!

— Unadhani kwa nini alikuwa peke yake? Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huyu kajitenga, moyo wake safi.

— Kapteni, methali zako zinavuja.

— Cheka tu. Je, kama alikuwa Duarte mwenyewe?

Profesa hakucheka mara moja. Alifikiri kweli.

— Haiwezekani, akasema. Duarte asingeuma chambo cha Orrin. Alikidharau sana.

Hapo wote wakacheka, hata Orrin, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi. Kilipoisha ndipo walipomwona Nélia, binti wa Duarte, amesimama mlangoni mwa duka na buti za mpira za baba yake mkononi. Zilikuwa zimebaki humo tangu vuli, alikuja kuzichukua. Kila mtu pale alijua kwamba Nélia alikaa hospitalini siku kumi na moja kando ya mashine, na kwamba mwishowe daktari alimuuliza yeye kama waizime, naye akajibu.

— Samahani binti, Kapteni akaanza, nilikuwa natania...

— Angefurahi, Nélia akasema. Kisha akamgeukia Orrin. Anko, huyo samaki alikuwa hoi ulipomfikisha kando?

— Hoi kabisa, mwanangu. Kalala ubavu. Nikamshika taya, nikamwelekeza kwenye mkondo, maji yampitie matamvuani.

— Muda gani?

— Dakika kumi. Labda zaidi. Miguu ilikufa ganzi.

— Ulijuaje kwamba sasa ni wakati wa kumwachia?

— Ah, rahisi tu, Kapteni akadakia. Mkia wake uki...

Akaziona zile buti mkononi mwa Nélia. Profesa akaangalia viatu vyake. Ng'ambo ya barabara mtu alirusha mshipi, wakasikia risasi ya ndoana ikitumbukia majini.

Orrin alitafuta jibu kwa dhati. Alikumbuka uzito wa yule samaki, alikumbuka mkono ukifunguka. Lakini kwa nini dakika ile, si iliyotangulia wala iliyofuata?

— Sijui, mwanangu, akasema hatimaye. Natamani ningejua.

Nélia alizikumbatia zile buti kifuani.

— Hata mimi, akasema.