Birika Moja kwa Watu Kumi na Wanne

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi, familia imemtuma mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe, awasomee safari ya maisha yake, mmvumilie sauti ikimkatika.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, ambako mwalimu wa hesabu alimwekea vipande vyote vya penseli zake apate vya kuchorea, kisha sekondari hadi 1969, na chuo cha ufundi alikohitimu usanifu wa majengo mwaka 1974.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika ofisi ya wasanifu iliyokuwa ghorofa ya kwanza, juu ya bucha, na tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume mwaka 1984.

Mwaka 1991 ofisi yao ilipewa kazi ya kusanifu kituo cha utafiti kwenye ncha ya dunia, kwenye barafu isiyoyeyuka, ambako jua likizama hurudi baada ya miezi, na kwa kuwa alikuwa na pumu daktari alimkatalia safari, akawa anachora nyumba ya mahali asipopajua. Mwenye bucha akamfungulia chumba chake cha baridi kila Jumatano, marehemu akakaa humo kati ya mapande ya nyama, mikononi glavu mbilimbili, akijaribu vitasa vya milango, na mwenye bucha hakuacha kumgongea, akiuliza, "Fundi, u mzima, au nianze kukupima kwa kilo?"

Kituo kilifunguliwa tarehe 20 Januari 1995, kikiwa juu ya miguu ya chuma inayonyanyuliwa kwa jeki kila mwaka ili theluji isikimeze, wakabaki humo watu kumi na wanne, kila mmoja na chumba chake, hita yake na birika lake la umeme, kwa maana marehemu hakutaka mtu ateseke kwenda jikoni na baridi ile. Mwezi wa Septemba ikaja barua ya mpishi wa kituo, iliyosema, "Fundi, hakuna aliyeganda, ila mwenzetu aliugua siku tatu chumbani, tusijue, kila mtu na chai yake." Siku hiyo marehemu hakugusa chakula, akaomba mabirika yote yaondolewe, libaki moja kubwa kwenye meza iliyo katikati ya vyumba, wenzake wa ofisini wakamtania, "Mzee, chai nayo unawanyima?" akawajibu, "Chai watakunywa, ila watakunywa wakionana."

Mkewe alifariki tarehe 3 Juni 2016, na hapo marehemu akarudia kosa lake mwenyewe, akahamishia birika chumbani, akafunga mlango. Mwanawe alipopata kazi ya mbali mwaka 2020, mkwewe alibaki naye na mtoto mchanga, na asubuhi nyingi alijua mzee kaamka kwa mlio wa swichi ya birika tu. Pumu ilipozidi, daktari alisema asiachwe peke yake, lakini mkwe atamtoaje baba mkwe chumbani, akaishia kuacha mlango wa jikoni wazi, na mezani kikombe cha pili kilichofunikwa kisosi, kila siku, kwa miezi saba.

Tarehe 11 Mei 2022 marehemu alitokea jikoni na birika lake kwapani, waya ukiburutwa sakafuni, akaliweka mezani, akamwambia mkwewe, "Mama, barua ya yule mpishi imenifika mara ya pili." Tangu siku hiyo hakunywa chai peke yake, mjukuu akipakatwa, hadi alipolazwa Januari mwaka huu, na tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, alituacha, mkono wake mkononi mwa mkwewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotubebea maji na mtoto, wafanyakazi wenzake, mwenye bucha, ambaye leo amekuja na mkongojo, na mpishi wa kituo, aliyetuma salamu kutoka mbali.

Pumzika kwa amani, baba, birika lako lipo mezani, na mlango tumeuacha wazi.