Miaka Thelathini na Mmoja ya Majibu Safi: Ndaki wa Maabara Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Aloyce Ndaki, mtaalamu wa maabara wa kituo chetu cha afya hapa Ilembo, Mpanda, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Hakuwahi kuchelewa kazini wala kupoteza sampuli ya mtu. Na kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano ya mwanzo, hakuwahi kuamini ugonjwa usioonekana kwenye hadubini yake.

Sisi wa mapokezi tulimjua kwa hilo. Mgonjwa akipata karatasi iliyoandikwa "Hakuna kilichoonekana," Ndaki alimpongeza kama aliyefaulu mtihani. Kwamba mpongezwa alikuwa amejikunja kwa maumivu, hilo halikuwa suala la maabara.

Mwaka 2020 alikuja Mama Nyanzala, mfugaji kutoka Inyonga. Alikuwa amemzika Masunga, mwanawe wa pekee, na tangu siku ile kifua kilimbana hadi akashindwa kuchota maji. Alipanda basi kuja kwetu mara sita. Mara zote sita Ndaki alimpima damu, mkojo, choo na makohozi, na mara zote sita majibu yalikuwa safi.

"Mama, huna ugonjwa. Mashine haidanganyi," alimwambia.

"Basi dokta, ipime na hiyo mashine," alijibu Nyanzala. "Maana mimi naumwa."

Ndaki alicheka. Nyanzala hakurudi tena.

Mwaka uliofuata Suzana, mke wa Ndaki, alifariki. Ndaki alimaliza siku za msiba, akarudi kazini, na hakuna aliyemwona akitoa chozi. Wiki ya tatu tumbo likaanza kumkata. Akajipima. Kesho yake akajipima tena. Alishuku dawa za kupimia, akaagiza nyingine. Alishuku hadubini, akaisafisha. Mwishowe alishuku macho yake mwenyewe, akapeleka sampuli hospitali nyingine. Majibu yakarudi safi, na Ndaki akawa mtu wa kwanza Mpanda nzima kukasirishwa na majibu mazuri. Alikonda hadi mkanda wake ukatobolewa matundu mapya.

Aliyemkalisha chini ni muuguzi wetu, Pudensiana.

"Mzee Ndaki, tangu mama Suzana aondoke umelia lini?"

"Sista, mimi nimekuja kwa ajili ya tumbo."

"Na mimi nauliza habari za tumbo."

Alilia mpaka tukalazimika kuwahamishia kina mama wa chanjo barazani. Mchana huo alikula ugali kwa dagaa, akamaliza sahani. Haukuwa muujiza. Alirudi kwa Pudensiana kila Jumanne kwa miezi mitano, na daktari alimwandikia pia dawa za kupunguza asidi tumboni. Mbele za watu, Ndaki alizisifia dawa hizo peke yake.

Alipopata nguvu alikwenda Inyonga. Alimkuta Nyanzala anakamua ng'ombe.

"Nilikukosea, mama. Ulikuwa unaumwa kweli."

Nyanzala aliweka chombo chini, akamtazama sana, kisha akaanza kumsimulia habari za Masunga. Alisimulia hadi jua likawa utosini, na Ndaki hakutaja kipimo hata kimoja. Kifua hakikupona siku ile, lakini Nyanzala alikubali kuja kwa Pudensiana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anachota maji mwenyewe.

Tangu hapo Ndaki aliongeza maneno mawili kwenye kila jibu safi: "Hakuna kilichoonekana. Mgonjwa anaumwa." Wakaguzi walipofika wakaona maneno hayo hayamo kwenye mwongozo, wakampa barua ya kujieleza. Alijieleza kwa kurasa tatu, na mpaka leo hajajibiwa. Ila mkaguzi mmoja, wenzake walipokwisha kupanda gari, alirudi dirishani kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini Pudensiana anapatikana siku gani.

Mzee Ndaki, tunakushukuru kwa sampuli zote ulizozitunza, na zaidi kwa wagonjwa uliowaamini, hata kama ulichelewa kidogo. Nenda salama, ule vizuri, ulale vizuri, Mungu akupe umri. Na siku ukisikia maumivu usiyoweza kuyapa jina, njoo. Hatutaanza na vipimo.

Faudhia Othmani, Mapokezi