Kobe Aliyeharibu Kichwa cha Mizani

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hukaa kwa adabu. Asubuhi ile Wembe, kinyozi mwenyewe, hakukaa kabisa. Alisimama mlangoni na bisibisi mkononi, amefura kama unga uliotiwa hamira. Alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba ile televisheni aliyoifunga ukutani ili watoto watulie wakinyolewa, leo inang'oka. Jana yake alikuwa akimnyoa Mizani, mpima magunia wa sokoni, mtu ambaye hata mbwa humpisha njia, na macho yake Wembe yakaganda kwenye filamu ya katuni. Mashine ikatoka paji la uso ikafika kisogoni, nyuma ikaacha barabara. Mizani akauliza kulikoni. Wembe, anayejigamba kwamba hajawahi kumficha mteja jambo, akamjibu wazi: "Nilikuwa namwangalia kobe." Ukweli huo ulimkata Mizani kuliko mashine. Alitupa kitambaa, akavaa kofia, akaondoka na nusu kichwa, akisema watakutana.

— Ing'oe basi tuone, — alisema Profesa, fundi viatu, ambaye elimu yake yote ameipata kwenye magazeti ya kufungia viatu.

— Naing'oa. Mimi nikisema nimesema.

— Umesema tangu kikombe cha kwanza, — Mama Birika, muuza kahawa, alimmiminia kingine. — Sasa hiki cha tatu.

— Kosa si lako, Wembe, — Profesa akakunja nne. — Hizi katuni ni filamu mbili zilizokunjwa pamoja. Chini ya kioo wamewawekea watoto: kuteleza, kuanguka, mikia. Juu wametuwekea sisi. Mtoto ni mfupi, anaona ya chini.

— Na akipanda kiti?

— Akipanda kiti anazeeka!

Redio, fundi redio wa duka la pili, akasonya.

— Acha porojo. Siri iko machoni. Umeona wanyama wao? Macho kama sahani! Machozi ni kama miayo, yanaambukiza. Jicho dogo likiona jicho kubwa limejaa maji, nalo linajaa. Ndiyo maana wahenga wakasema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

— Methali hiyo usiitaje mbele ya duka langu leo!

— Nyie hamjui biashara, — alisema Mama Birika. — Mtoto hana mfuko. Anayempeleka ni mzazi, na mzazi akisinzia leo, kesho harudi. Basi mtoto anatiliwa sukari, mzazi anatiliwa kahawa, kikombe kilekile.

— Umesema kweli, — Profesa alikubali, kisha akaharibu. — Tena wachoraji wenyewe ni wazee waliokimbiwa na watoto wao. Wanafungiwa chumbani, hawatoki mpaka wamchore mnyama anayelia.

— Nani kakwambia?

— Akili.

— Na muziki je? — Redio hakukubali kuachwa nyuma. — Mle kuna sauti ambayo mtoto haisikii. Sikio linaizibukia likifika umri wa kuwa na mashemeji. Nimeipima kwa bisibisi.

— Sauti inapimwa kwa bisibisi?

— Kwa yangu. Si hiyo ya Wembe.

Wakacheka wote, Wembe hakucheka. Yeye alijua mkono wake ulipoteleza. Katika filamu ile kobe mzee anambeba kifaranga mgongoni, wanamtafuta mama kuku. Safari ni ndefu, kifaranga anaota manyoya njiani, na siku moja kobe anapinduka chali kwa uzito. Watoto waliokuwa wakisubiri zamu waliangua kicheko. Kisha kobe akasema, "Shuka, mwanangu. Umekuwa mzito." Na wiki hiyohiyo binti yake Wembe, aliyezoea kuvushwa barabara begani, alikuwa amemnong'oneza sikioni: "Baba, nishushe, wenzangu wananiona."

Hilo hakulisema. Kuna ukweli wa kumpa mteja, na kuna ukweli wa tumboni.

— Mwanamume mzima hapigwi na kobe! — alinguruma. — Inang'oka!

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, — Profesa alimpa pole.

— Hiyo sio maana yake!

— Kwani hukulia?

— Nywele ziliniingia machoni.

— Nywele za Mizani, — alisema Mama Birika, — ambazo hukuzikata.

Kicheko hakikufika mwisho. Mizani alikuwa anakuja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Benchi zima lilisogea upande wa tofali. Wembe alishusha bisibisi, lakini hakurudi nyuma hata hatua.

— Kaka Mizani, kosa ni langu. Si la mashine, si la umeme. Televisheni naitoa leo, na kichwa nakimaliza sasa hivi.

Mizani akavua kofia. Barabara ikaonekana, nyeupe, imenyooka. Redio akainamia kikombe kitupu, akanywa.

— Sikujia kichwa, — Mizani alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. — Sijalala. Kifaranga aliposhuka... yule kobe alibaki peke yake?

Wembe akamgeukia Profesa.

— Wewe si ulikuwa dirishani?

— Niliitwa na kiatu.

— Redio?

— Nilikwenda kuangalia fyuzi. Ya kwangu.

— Mama Birika?

— Moshi wa jiko ulinizidi machoni.

— Jiko lilikuwa limezimika!

— Ndiyo maana nikaenda kuliwasha.

Wembe mwenyewe alikuwa ameipa televisheni mgongo mara Mizani alipotoka. Asubuhi nzima mabingwa watupu, na hakuna hata mmoja aliyeuona mwisho.

— Diski ipo? — Mizani akauliza.

— Ipo.

Mizani alipita, akakaa kwenye kiti chake cha jana. Benchi likabebwa ndani, tofali likafuata. Mama Birika akaingia na birika.

— Nikunyoe huku unatazama? — Wembe aliuliza.

— Thubutu!

Wembe akaitupa mashine kwenye droo, na bisibisi juu yake, akafunga.

— Mimi nasema wazi. Humu hanyolewi mtu mpaka kobe afike. Na mwenye fyuzi ya kuangalia, aende sasa.

Hakuondoka mtu.