Maktaba Niliyoipanga kwa Masikio

Wapendwa, nawasalimu wote, wa mbele na nyie mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji amenipa muda mfupi, na kwa kuwa ananijua, amemweka mke wangu hapa pembeni anivute shati nikizidisha. Sitazidisha sana.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa neno katika jumuiya yetu ya hapa Tabata. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa masjala, kazi ya kutunza majalada ya ofisi, mpaka nikastaafu. Ndugu zangu, nawaambia bila aibu, nilikuwa karani mzuri. Mkubwa akiita jalada, hajamaliza kukohoa liko mezani. Na nyumbani nilikuwa na kabati la fafanuzi za Biblia, vile vitabu vinene vinavyoeleza mstari kwa mstari: nani aliandika, kwa nani, na kwa nini. Nilivinunua kimoja kimoja tangu ujana. Huyu mama aliyeko pembeni anasema nilivipenda vitabu kabla yake, na sijawahi kumpinga.

Kisha ikaja presha ya macho. Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula pembeni kidogo kidogo, wewe unadhani miwani imechafuka. Nilipofika kwa daktari, kilichopotea kilikuwa kimeshapotea. Baada ya muda nikawa nasimama mbele ya kabati langu napapasa migongo ya vitabu, kila kimoja nakijua kwa unene wake, na hakuna hata mstari mmoja ninaoweza kuusoma. Nililia. Mtu mzima na mvi zangu, nililia nimeshika kabati.

Nyie hamkuniacha. Mkaniambia, mzee, siku hizi simu inasoma kwa sauti. Mkaniwekea ile sauti. Inaongea Kiswahili kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana, lakini inaongea. Mkaanza kunitumia fafanuzi, kila mmoja na yake. Kwaya wakatuma, akina mama wakatuma, ndugu wa Kipawa na wa Wazo wakasikia, nao wakatuma. Mie nimelelewa kwamba zawadi haikataliwi, nikapokea zote. Nyingine zilikuwa kurasa zilizopigwa picha tu, simu inasema "picha, picha, picha" mpaka unaizima. Nyingine hazina hata jina la mwandishi. Zote zikakaa pamoja kwenye simu, chungu nzima, na mie nikajiona tajiri.

Nikitaka jambo, nilikuwa natamka neno, simu inanitafutia lilipo, naanza kusikiliza hapo hapo. Nikasema Mungu amenirudishia macho.

Sasa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka, na mwenye msiba ameniruhusu niseme.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na kijana wake. Baada ya mazishi tukaenda kumfariji kama ilivyo desturi yetu. Tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, na mie ndiye mwenye neno. Tukaimba, tukaomba. Halafu akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakaisha: "Mwalimu, kwani Mungu kaniona na kosa gani?"

Ningemshika mkono tu, ingetosha. Lakini mie si nina maktaba, bwana. Nikamwambia, "Subiri mama, tumsikilize Ayubu." Nikatamka kwenye simu: Ayubu, mateso, kosa. Nikaongeza sauti ili watu wote wasikie. Simu ikaanza kusoma, wazi kabisa, kwamba asiye na hatia haangamii, kwamba apandaye uovu ndiye avunaye uovu, na kwamba anayeteswa ajichunguze atubu.

Mke wangu akanishika mkono. "Zima," akanong'ona. "Baba, zima hiyo simu."

Nikazima. Nikasikia khanga inakusanywa, na mtu anaingia ndani taratibu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo mke wangu akanieleza. "Yale hayakuwa maneno ya Mungu, wala ya Ayubu. Yale ni ya Elifazi."

Mnaokisoma kitabu kile mnamjua Elifazi. Ni yule rafiki aliyekuja kumfariji Ayubu akaishia kumshtaki, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anamkemea. Mwenye macho angeona kichwa cha habari juu ya ukurasa: Hotuba ya Elifazi. Simu yangu ilianzia katikati, pale nilipoituma. Kwa hiyo mie, mwalimu wenu, nilimpelekea mama aliyefiwa maneno ambayo Mungu aliyakataa, tena kwa sauti ya juu.

Kesho yake nikawaambia wazee wa kanisa watafute mwalimu mwingine. Nikakaa barazani na redio yangu. Mtu akinisalimu kwa jina la mwalimu, naumia.

Aliyenitoa pale barazani hayumo humu leo, kwa sababu yeye ni wa msikitini. Ni jirani yangu, mwenyeji wa pwani, haoni tangu ujana wake, na kila jioni husikiliza tafsiri na mawaidha kwenye simu yake. Alikuja na fimbo yake, akakaa. "Jirani, mbona siku hizi hatukusikii ukisomesha?" Nikamsimulia yote. Hakunicheka. Akaniuliza, "Hao uliowatia kwenye simu yako, wawajua?"

"Baadhi," nikamwambia.

"Mie simwingizi mtu masikioni mwangu mpaka nijue kasoma kwa nani. Jicho laweza kuruka mstari, jirani. Sikio haliruki, lameza kila linachopewa. Punguza watu. Hiyo ulonayo si maktaba, hilo gulio."

Neno gulio liliniuma mpaka usingizi ukakata. Mie, karani wa masjala, niambiwe nina gulio. Hasira ile, wapendwa, ndiyo iliyonirudisha kazini.

Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Lete kiti chako, tuanze." Tukaweka mtihani. Kila fafanuzi inayogusa Ayubu tuliifungua kwanza pale Elifazi anapoanza kusema. Mwandishi akimweleza Elifazi bila kumkumbusha msomaji kwamba huyu mwisho alikemewa, anatoka. Asiyejulikana ni nani wala kafundishwa wapi, anatoka. Za picha zote zinatoka. Mke wangu akasita mahali fulani. "Hii si alituma mama mchungaji?" Nikamwambia mama mchungaji ni mtu wa rehema. Mama, kama unanisikia leo, nisamehe, yako ilikuwa picha. Kwa kila kitabu cha Biblia nikabakiza fafanuzi inayoeleza maana ya maneno na nyingine inayoeleza desturi za watu wa nyakati zile. Zaidi ya hapo sikutaka mtu.

Kisha ikaja kazi ninayoijua. Simu ikiachiwa yenyewe hupanga kwa alfabeti, kwa hiyo kwangu Amosi alikuwa anakitangulia kitabu cha Mwanzo. Nikavipa vitabu vyote namba kwa mfuatano wa Biblia, kama majalada. Kitabu cha Ayubu tukakikata kwa msemaji: Ayubu peke yake, Elifazi peke yake, na wale wengine, mpaka Mungu. Kila kipande kinaanza kwa jina la anayesema. Na nikajiwekea sheria kwamba hakuna kuingilia dirishani. Hata neno likipatikana, narudi kwanza mlangoni, mwanzo wa kipande, nasikia jina, ndipo naendelea. Nasema kwa kujivuna, na mchungaji atanivumilia: leo niulize mstari wowote, kwaya haijafika kiitikio cha pili nimeshaupata. Wenye macho yao humu wananipigia simu niwatafutie.

Lakini maktaba nzuri bila wa kumfundisha ni mapambo. Nilikuwa bado naogopa watu. Ndipo yule mama akaandaa ibada ya kumbukumbu ya mwanawe. Wazee wakamwambia watamletea mwalimu mpya. Akawajibu, "Nataka aje yule yule." Nikakataa. Mke wangu akasema, "Utaenda, na koti nimeshalipiga pasi."

Nikaenda. Nikasema, "Mama, siku ile nilikuletea Elifazi. Hukustahili. Leo naomba umsikie Mungu anavyomjibu." Nikafungua. Simu ikataja kwanza jina la anayesema: Mungu. Kisha ikaeleza kwamba Mungu alimkasirikia Elifazi na wenzake kwa sababu hawakunena yaliyo sawa, na kwamba Ayubu, yule waliyemtafutia kosa, ndiye aliyeambiwa awaombee.

Mama akasema, "Rudisha, nisikie tena." Nikarudisha. Akasema, "Kwa hiyo si mie." Nikamwambia, "Si wewe, mama." Hapo akalia, na wanawake wakamzunguka, na mie nikamshika mkono kama nilivyotakiwa kufanya tangu siku ya kwanza.

Ndugu zangu, kama mna simu zimejaa maneno ya dini, na najua mnazo, chagueni. Kabla hujampelekea mgonjwa au mfiwa neno lolote, uliza kwanza nani anasema. Si kila kilichomo ndani ya kitabu kitakatifu kilisemwa ili wewe umwambie mtu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyenisomea majina ya waandishi mpaka sauti ikakauka. Jirani yangu nitamshukuru jioni, barazani kwake. Na wewe mama, sikuoni ulipokaa, ila najua umo humu. Wengine husamehe kwa kukaa mbali na aliyewaumiza. Wewe ulinisamehe kwa kunirudishia kazi yangu, na kazi hiyo naifanya mpaka leo.