Maua ya Altare

Tangu Bukama treni ilikuwa ikitubembeleza, na nusu ya behewa walikuwa wamelala. Amuri, muuza samaki, aliyalalamikia majani yenye maua ya zambarau yaliyofunika mto Lualaba. "Serikali njo inapashwa kulipa bantu ba kuyang'oa."

"Papa, serikali iko mbali," akajibu mama mwenye beseni lililofunikwa kitenge. "Tung'oe sisi benyewe."

"Miye sikuyapanda!"

Nikasinzia, nikaota mto ukitambaa kando ya reli, ukichanua taratibu.

Tuliposimama Kamina, mama alifunua beseni ili ayanyunyizie maji maua yaleyale, pamoja na mizizi yake. "Ni ya altare," akatuambia. "Misa ikisha nitayaweka mu muto ya kwetu. Maua ya altare habatupake mu takataka."

Amuri, bado akiilaumu serikali, akamtwisha.