Mashine Kumi na Moja za Chumba cha Useremala

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Saara Tolvanen, wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi wanachama tisa wa Chama cha Wajenzi wa Viini Lehtokoski tunafurahi kukuona katika chumba hiki, kilichokuwa cha useremala enzi za shule ya zamani. Theluji umeshaikung'uta mlangoni, kahawa ipo, na mikate ya iliki kaioka mwenzetu Hilkka mwenyewe. Jisikie nyumbani, maana nyumba ni ya manispaa yako.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka kumi na minne iliyopita tukiwa watatu. Kazi yetu ni kujenga kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayozungumza na prosesa, ubongo wa kompyuta. Prosesa zina koo zake, na kila ukoo una amri zake. Kwa hiyo kabla ya kujenga tunajibu maswali zaidi ya elfu nne: ukoo gani, kizazi gani, diski ya aina gani. Ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Wake na waume zetu wanalalamika kwamba hata mezani tunajibu hivyo hivyo.

Leo viini vyetu vinaendesha mizani ya kiwanda cha mbao, kengele za kanisa, na mtambo wa kufumia wa Bi Eila Karppinen.

YALIYOTUPATA FEBRUARI

Bi Eila, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa akifuma zulia la ukutani la harusi ya mjukuu wake. Zilibaki wiki tatu. Tukampelekea kiini kipya. Kompyuta inayoongoza mtambo wake, ya mwaka 1998, ikabaki na kioo cheusi.

Mwenzetu Jarkko Väyrynen, aliyejaza yale maswali, akamwambia, "Bi Eila, hii imezeeka. Ipeleke makumbusho."

"Na wewe Jarkko unastaafu lini? Niwapeleke pamoja?"

Sisi tulicheka. Jarkko hakucheka. Kiini kilikuwa kimewaka vizuri kwenye kompyuta yetu ya kasi, iliyokuwa ikiiga ile ya zamani. Siku mbili akarudia orodha nzima, hakuona kosa. Ndipo Hilkka akatoa rafuni namba saba, mojawapo ya mashine kongwe kumi na moja tunazozitunza humu, pacha wa ile ya Bi Eila, akaiwasha. Nayo ikagoma palepale! Kumbe Jarkko alichagua ukoo sahihi lakini kizazi kinachofuata, na hata tulipoiga, tuliiga kizazi hicho hicho. Kiini kilikuwa kikitoa amri ambayo prosesa kongwe haiijui.

"Jibu moja tu!" Jarkko akashika kichwa.

"Moja kati ya elfu nne," Hilkka akasema. "Shuleni ungepewa zawadi. Haya, badilisha."

Tukajenga upya. Kesho yake asubuhi mtambo wa Bi Eila ukaanza kugonga, naye akapiga simu ili tuusikie tu. Zulia liliwahi harusi. Jarkko alialikwa, na tuna picha zake akicheza dansi ya tango.

TUNACHOOMBA

Mheshimiwa, barua ya manispaa inatutaka tuhame mwisho wa Mei, na mashine zetu zimeandikwa humo "vyuma chakavu". Hatuna ugomvi. Tunajua chumba hiki kinahitajika kiwe ghala la vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Tunaomba ukuta mmoja wenye rafu, soketi sita, na ufunguo. Kuiga hakutoshi, Mheshimiwa. Bila namba saba tungemrudishia Bi Eila uzi wake na pole.

Hapo mezani mbele yako ni namba kumi na moja, ya ukoo ambao hatujawahi kuujengea. Kiini chake kimekamilika asubuhi hii na hakuna aliyekijaribu. Tunaomba kitufe cha kuiwasha ubonyeze wewe. Ikiwaka, tutashangilia pamoja. Ikigoma, tafadhali usiage: vua koti, vuta kiti, utuulize swali la kwanza kati ya yale elfu nne.

Mungu akupe afya, na mikono yako iwe myepesi kwenye kila unachokigusa, kuanzia kitufe hiki.

Ni sisi,
Wajenzi wa Viini Lehtokoski
Imesomwa na Tyyne Heikura, katibu